Kutumia homoni bila cheti cha daktari: niliyoyapima

Mimi ni mwanamke niliyezaliwa Mombasa na kuandikishwa mvulana, na kwa miaka mingi nimetumia estrojeni, yaani homoni za kike, ambazo hapo mwanzo hakuna daktari aliyeniandikia. Vijana hunipigia simu wakitaka kujua wanunue dawa gani, nami kabla ya kuwajibu huwauliza maswali ambayo baadhi yao huyaona kuwa kikwazo. Maswali hayo yametokana na mambo tuliyoyapitia mimi na wenzangu jijini Nairobi, ambako nafanya kazi ya uhasibu, na nimeona ni afadhali niyaeleze kwa urefu mara moja kuliko kuyasema kwa haraka kila simu inapolia. Dozi sitaitaja popote, kwa sababu dozi iliyomfaa mtu mmoja inaweza kumdhuru mwenzake.

Watu ambao jambo hili liko mbali nao huuliza kwa nini mtu asiende hospitali. Ni swali la haki. Madaktari bingwa wa homoni wapo Kenya, lakini ni wachache, wengi wao wako Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kisukari na maradhi ya tezi. Daktari aliyewahi kumhudumia mtu aliyebadili jinsia hupatikana kwa kuelekezwa na aliyetangulia. Kisha kuna hofu. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha Mei 2019, vinahusu vitendo vya mapenzi ya jinsia moja na havisemi lolote juu ya homoni, lakini mgonjwa anayeketi mbele ya tabibu asiyemfahamu hana hakika kwamba tabibu huyo anaijua tofauti hiyo, wala kwamba karani wa mapokezi hatayatoa maneno nje. Ng'ambo ya barabara kuna kemisti, na ndani ya kemisti kuna vidonge vya kupanga uzazi ambavyo mwanamume anaweza kuvinunua akisema ni vya mke wake, akatoka bila kuulizwa habari za shinikizo la damu wala sigara. Mwenzetu mmoja aliyehamia Uingereza alidhani huko mambo yangekuwa mepesi. Alikuta foleni ya kliniki za jinsia inayohesabiwa kwa miaka, ingawa lengo la huduma ya afya ya umma ya huko ni wiki 18, naye akaishia kuagiza dawa kwa intaneti. Kwa hiyo simlaumu mtu yeyote anayeanza peke yake. Lawama haijawahi kumsaidia mgonjwa, na mtu anayelaumiwa hujifunza kuficha, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu ndilo lililotuumiza zaidi.

Nilipoanza kusoma maandishi ya kitabibu kabla ya kumeza chochote, niligundua kwamba neno estrojeni linabeba dawa zisizofanana. Estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya kupanga uzazi ni ethinilestradioli, ambayo ilitengenezwa ili ini lishindwe kuivunja upesi, na kwa sababu hiyo dozi ndogo mno hutosha kwa kazi yake ya kuzuia mimba. Uimara huohuo ndio hatari yake. Ikikaa muda mrefu ndani ya ini, hulisukuma ini litengeneze kwa wingi zile protini zinazogandisha damu. Mwanamke anayemeza kidonge kimoja kwa siku kwa ajili ya uzazi hubeba hatari ndogo. Mtu anayetaka mwili wake wote ubadilike humeza vingi, tena kwa miaka, na hatari hupanda pamoja na idadi ya vidonge.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1989 madaktari wa Amsterdam, ambako kuna mojawapo ya kliniki kongwe za aina hii duniani, walichapisha hesabu ya wanawake 303 waliobadili jinsia na kukuta kwamba matukio ya damu kuganda ndani ya mishipa yalikuwa mara 45 ya yale yaliyotarajiwa. Wengi wao walikuwa wakitumia ethinilestradioli. Kliniki hiyo ilianza kuwapa wagonjwa waliozidi miaka 40 estradioli ya kupitia ngozini, yaani homoni ileile inayotengenezwa na mwili wa mwanamke, na ripoti yao ya 1997, iliyowahusu wanawake 816, ilieleza kwamba tangu mabadiliko hayo visa vimepungua. Ripoti ya 2011 kutoka Amsterdam hiyohiyo iliongeza kwamba waliokuwa wakiendelea na ethinilestradioli walikuwa na hatari mara tatu ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Ninaumia ninapofikiri kwamba habari hii ilikuwa imeandikwa kabla wengi wa wanaonipigia simu hawajazaliwa, na bado vidonge hivyo ndivyo vinavyotangulia kutajwa kila mtu anapoanza.

Mwenzangu mmoja, ambaye sisi wawili tuliitana dada mkubwa na dada mdogo, alianza navyo. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata. Alikuwa msichana mwangalifu kwa kiasi alichoweza: alijua kwamba watu hupima damu, akaenda maabara akalipa kwa pesa zake, akaomba kipimo cha estradioli. Majibu yalipotoka alinionyesha ile karatasi. Estradioli ilikuwa chini sana, chini kuliko ya mwanamke aliyekoma hedhi, na yeye alihitimisha kwamba dawa haifanyi kazi, akaongeza vidonge. Kumbe kipimo kile hakiioni ethinilestradioli hata kidogo, kwa kuwa kimetengenezwa kutambua estradioli yenyewe. Damu yake ilikuwa imejaa estrojeni kali, na kwa kuwa ubongo ukiona estrojeni nyingi huacha kuziamuru tezi zifanye kazi, hata ile estradioli kidogo ya asili ilikuwa imeshuka. Namba ilikuwa sahihi na maana yake ilikuwa kinyume kabisa cha alivyoielewa. Karatasi ya maabara humpa mtu ujasiri, na pale ambapo hakuna wa kumsomea, ujasiri huo huenda upande wowote.

Wiki chache baadaye alipanda basi la usiku kwenda Mombasa kwenye harusi, safari ya takriban kilomita 480, akaketi dirishani miguu imekunjwa mpaka asubuhi. Aliposhuka alihisi shavu la mguu wa kushoto limekaza. Siku ya pili mguu huo ulikuwa umevimba, una joto na unauma akiukanyagia, ilhali mguu wa kulia ulikuwa mzima. Kuvimba mguu mmoja peke yake ni dalili ambayo kila mtumiaji wa estrojeni anapaswa kuijua kama anavyolijua jina lake, na vilevile kukosa pumzi kwa ghafla, maumivu ya kifua wakati wa kuvuta hewa, au kukohoa damu, kwa maana hizo ni dalili kwamba bonge la damu limekatika mguuni na kufika pafuni. Dada mdogo hakuzijua. Alipakwa mafuta na shangazi yake, akakandwa, jambo ambalo sasa tunajua halifai kufanywa kwa mguu wa namna hiyo.

Hospitalini aliulizwa kama anatumia dawa yoyote, akasema hatumii. Daktari alimwandikia dawa za maumivu na akaagiza apigwe picha ya mishipa kesho yake. Jioni alikuja muuguzi mmoja mtu mzima, akavuta kiti, akamwambia kwa sauti ya chini: «Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Unameza nini?» Akamwambia. Muuguzi hakutoa hotuba wala hakuita wenzake. Alitoka, akarudi na daktari, na picha ikapigwa usiku uleule. Bonge lilikuwa limeenea kutoka kwenye shavu la mguu hadi juu ya goti. Alichomwa sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, kisha akawekwa kwenye vidonge vya warfarini kwa miezi kadhaa, na warfarini yenyewe humfunga mtu kwenda maabara mara kwa mara, kwa sababu ikizidi humtoa damu na ikipungua haimkingi.

Nimelifikiria sana tukio lile, na ninaloliona ni kwamba dawa ilileta bonge, lakini siri ndiyo iliyokaribia kumuua. Jibu lake la «hakuna» lilimnyima daktari kitu pekee ambacho kingemfanya ashuke moja kwa moja kwenye jibu. Hata leo, nikikutana na kijana ambaye ameshaamua na hakuna nitakalosema litakalombadilisha, huwa namwomba jambo moja kabla ya mengine yote: achague mtu mmoja wa kumwambia, na aandike majina ya dawa zake kwenye karatasi iliyo ndani ya pochi. Mimi mtu wangu ni dada yangu wa kuzaliwa. Anajua ninachotumia, anajua dalili nilizozitaja, na tumekubaliana kwamba siku nikishindwa kusema, yeye atasema yote bila haya.

Kwa upande wangu uamuzi ulichelewa, na kuchelewa kwenyewe kulikuwa sehemu ya kupima. Baba yangu alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 53. Nilikuwa navuta sigara tangu chuoni. Shinikizo langu la damu lilikuwa mpakani, si la kutibiwa na si la kupuuzwa. Kwa mazoea ya kazi nilichukua daftari nikagawa ukurasa: upande mmoja mambo ambayo mtu akiacha dawa hurudi, upande mwingine yale yasiyorudi. Ngozi kulainika, mafuta kuhamia nyongani, hamu ya mwili kupungua, hayo hurudi taratibu. Matiti yakishaota hayarudi. Huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita na huendelea kukua kwa miaka miwili au mitatu. Uwezo wa kuzaa hauna ahadi: kwa wengine hurudi dawa zikikatwa, kwa wengine haurudi, na hakuna awezaye kumwambia mtu mapema atakuwa upande upi. Sauti haibadiliki kabisa kwa estrojeni, wala ndevu zilizokwisha kuota hazing'oki, na nimeona watu wakiongeza dozi kwa hasira wakingojea sauti ambayo haiji.

Mstari wa uzazi ulinisimamisha kwa muda mrefu. Mama yangu ni mtu wa dini, na nilipomfungulia moyo hakunifukuza, ila alisema jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia. Alisema mwili ni amana, na kwamba mwenye amana anapotaka kuitumia anapaswa kwanza kujua ataulizwa nini juu yake. Alimaanisha nisifanye. Mimi niliyasikia maneno yaleyale nikayaona yananitaka nifanye kazi zaidi kabla ya kutenda: nipime figo na ini, niache sigara, nijue dawa kwa jina lake kamili, nisiichukue kwa mtu asiyejua ilikotoka. Hatukukubaliana na bado hatukubaliani, lakini kila mara anaponiona huniuliza kama nimepima damu, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Ni lazima niseme pia habari za upande ambao husahauliwa kwenye mizani. Watu huzungumza kana kwamba kutotumia dawa ni kusimama mahali salama, na hatari huanza na kidonge cha kwanza. Kwangu haikuwa hivyo. Nilikuwa navaa jaketi katika joto la Februari la Mombasa ili umbo la mabega na kifua changu lisionekane, nimeacha kwenda ufukweni na kwenye harusi, nakunywa pombe peke yangu chumbani, na kazini nimeshaonywa kwa kukosekana. Kungoja nako kulikuwa na bei, na bei hiyo nilikuwa nailipa kila mwezi. Niliiandika katika daftari lilelile kwa sababu hesabu isiyo na upande huo ni ya uongo. Mtu anayekataza ana haki ya kutaja bonge la damu, na anayekatazwa naye ana haki ya kutaja maisha ambayo anaishi sasa.

Niliacha sigara kwanza, kwa sababu katika orodha yote ile ndiyo hatari niliyoweza kuiondoa bila ruhusa ya mtu. Kisha nikatafuta daktari. Wa kwanza alinitaka nithibitishiwe na mtaalamu wa akili kwamba si mgonjwa wa akili, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeliondoa suala hili kwenye sura ya maradhi ya akili na kuliweka katika sura ya afya ya kujamiiana. Wa pili alikuwa mama mmoja wa zahanati ya binafsi, daktari wa kawaida asiye bingwa wa homoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Sikuandikii, kwa sababu sijasomea. Lakini ukiamua kutumia sitakuacha bila vipimo.» Baadaye nilijifunza kwamba msimamo wake haukuwa mbali na wa wataalamu wenyewe. Toleo la 7 la miongozo ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, lilikiri waziwazi kwamba wagonjwa watafika wakiwa tayari wanatumia homoni walizojinunulia, na likawashauri madaktari kwamba wanaweza kuwaandikia dawa kwa mwezi mmoja hadi sita huku wakiwasaidia kumpata wa kuwasimamia. Hapo hakuna anayesema kujitibu ni kuzuri. Wamekubali tu kwamba mtu aliyeanza peke yake asiachwe peke yake.

Nikaanza na estradioli, ya kupitia ngozini. Njia ina uzito kama dawa ilivyo na uzito, kwa maana kinachomezwa hupita kwanza kwenye ini kwa wingi, na kinachopita ngozini huingia kwenye damu bila kulisumbua ini kiasi hicho. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2007, uliofanywa kwa wanawake waliokoma hedhi, ulikuta kwamba estrojeni ya kumeza iliongeza hatari ya mabonge na ile ya ngozini haikuiongeza. Wanawake hao hawakuwa kama mimi, na sikuusoma utafiti huo kama hati ya dhamana, lakini kwa mtoto wa mtu aliyepatwa na kiharusi ulikuwa ushahidi wa kutosha kuchagua njia moja na kuiacha nyingine, ingawa vibandiko na jeli ni ghali, hukosekana mara kwa mara, na mara nyingi huletwa na wasafiri. Nilipokosa, nilikaa bila dawa mpaka ikapatikana. Sikujaza pengo kwa vidonge vya kemisti.

Dawa za kuzuia testosteroni, homoni ya kiume, zilinipa kazi nyingine ya kufikiri, na hapa ndipo naona watu wanapita haraka mno. Spironolaktoni ni dawa ya shinikizo la damu na ya kutoa maji mwilini, ipo katika maduka mengi ya dawa nchini, na kwa kuwa wazee wengi wanaitumia watu huiona nyepesi. Hupandisha potasiamu katika damu, na potasiamu ikipanda mno moyo hupoteza mapigo yake, kwa hiyo mtu mwenye figo dhaifu asiyepima anacheza na jambo ambalo halitoi onyo. Siproteroni ina nguvu zaidi dhidi ya testosteroni, lakini mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya liliwekea mipaka matumizi yake baada ya kuonekana kwamba dozi za miligramu 10 kwa siku na kuendelea huongeza hatari ya meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo, na hatari hukua kadiri dozi zinavyojumlishwa kwa miaka. Meninjioma ni nadra hata hivyo. Wapo pia wanaochoma ile sindano ya miezi mitatu ya kliniki ya uzazi wakidhani ni estrojeni. Haina estrojeni ndani yake. Ina projestojeni peke yake, homoni ya aina nyingine, hushusha homoni za mwili, na mtu anayebaki bila testosteroni na bila estrojeni kwa muda mrefu mifupa yake hulika kimyakimya mpaka siku ya kuanguka.

Nilichagua spironolaktoni, na yule daktari akanipangia kupima potasiamu na figo mapema baada ya kuanza. Mwaka wa kwanza tulipima kila baada ya miezi mitatu, kama wanavyopendekeza wataalamu wa homoni, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Safari moja potasiamu ilitoka juu. Sikuwa nasikia chochote mwilini, nilikuwa nimetoka kazini nikiwa mzima, na nisingepima nisingejua. Dawa ilipunguzwa, nikaacha maji ya madafu niliyokuwa nayanywa kwa wingi nikienda nyumbani Pwani, maana dafu lina potasiamu nyingi, na namba ikashuka. Daktari asiye bingwa na maabara ya kawaida vilitosha kwa hilo.

Ndugu zetu waliozaliwa wakaandikishwa wasichana wana habari yao, nami nitaigusa tu kwa sababu wao wenyewe wanaieleza vizuri zaidi. Testosteroni nyingi inayopatikana mitaani hutoka kwa wauzaji wa jimu, na chupa isiyo na chanzo kinachojulikana inaweza kuwa na kitu chochote. Testosteroni yenyewe huongeza chembe nyekundu mpaka damu inakuwa nzito, na kipimo cha kawaida cha damu huonyesha hilo. Sauti ikishashuka hairudi. Hedhi hukoma, lakini mimba bado huweza kuingia. Kuna waliogawana sindano kwa kuokoa pesa, na katika nchi yenye virusi vya Ukimwi na homa ya ini, sindano moja iliyotumiwa na watu wawili inaweza kuleta maradhi ambayo homoni yenyewe isingeyaleta kamwe.

Dada mdogo alipomaliza warfarini, daktari aliyemtibu alimwambia asiguse estrojeni tena maishani. Alitii. Kwa miezi mingi tulimwona akirudi nyuma, ndevu zikirudi kuwa nzito, umbo likihama, na yeye akijifungia ndani kama mimi nilivyokuwa nikijifungia zamani. Kisha akaja kwangu akasema amewaza na anataka kurudia, kwa estradioli ya jeli, kwa kiasi kidogo, na kwa kumweleza daktari mwingine kila kitu. Nilimwambia ukweli wangu: ningekuwa mimi, kwa mguu ule, nisingethubutu. Alinijibu kwamba mimi sijawahi kulazimika kuchagua kati ya mambo hayo mawili, na hapo alisema kweli, nami sikuwa na la kujibu.

Tulikwenda pamoja kwa yule mama wa zahanati, naye akampeleka kwa daktari wa damu. Walizungumza kwa muda mrefu. Daktari wa damu alimpima kama ana kasoro ya kurithi inayogandisha damu, akamweleza kwamba mtu aliyewahi kupata bonge hubaki na hatari ya kulipata tena hata bila homoni yoyote, akataja uwezekano wa kuendelea na dawa ya kuzuia kuganda sambamba na jeli, na kumwonya kwamba dawa hiyo nayo hutoa damu. Hakumpa ahadi. Mwishoni alimuuliza kama ameelewa, akamtaka ayarudie kwa maneno yake mwenyewe, na dada mdogo akayarudia yote, pamoja na uwezekano wa kufa, kwa utulivu ambao sikuutegemea. Nadhani pale ndipo nilipoona kwa macho yangu uamuzi wa mtu mzima ulivyo. Vidonge vile vya kwanza hakuvichagua kwa maana hiyo, kwa sababu hakujua anachagua nini. Mara hii alijua, na waliokuwa na elimu walikuwa wameketi naye meza moja.

Anaendelea. Hapandi basi la usiku bila kushuka na kutembea kila linaposimama, sigara ameacha, na alipoanza matibabu ya kifua kikuu mwaka uliofuata alilitaja jina la jeli yake siku ya kwanza kliniki, hivyo akaelezwa kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini livunje estrojeni kwa kasi na kwamba asije akaongeza jeli kwa kuona athari zimepungua. Angekuwa bado ni yule wa «hakuna», angeongeza.

Mimi sasa nakaribia 50, na hesabu yangu imeanza upya, kwa kuwa hatari ya mishipa hupanda na umri hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa homoni, na umri aliokuwa nao baba hauko mbali. Daktari wangu angependa nipunguze. Kuacha kabisa hatujakubaliana, kwa sababu mifupa yangu inahitaji homoni mojawapo na mimi siitaki ile nyingine. Tumepanga nipimwe uzito wa mifupa na mafuta ya damu kabla ya mwisho wa mwaka, kisha tuketi na majibu yote mawili. Mpaka hapo natumia kibandiko cha kiwango cha chini kuliko cha zamani, na shinikizo napima nyumbani kila Jumapili asubuhi.